Bunduki Isiyoshikwa na Mtu: Tarikhi ya Uwindaji wa Dubu Weupe wa Svalbard

Mwezi wa Juni mwaka 1596, mabaharia wa Kiholanzi waliofuatana na Willem Barentsz, katika safari ya kutafuta njia ya kufika China kwa kupitia kaskazini ya dunia, walikuta kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, na karibu nacho wakamwona dubu mweupe akiogelea. Wakamwendea kwa mashua wakidhamiria kumtia kitanzi shingoni. Lakini walipomsogelea na kuuona ukubwa wake wakaghairi, wakarudi merikebuni kuongeza watu na silaha, kisha wakapigana naye muda mrefu, hata shoka moja likamkwama mgongoni naye akazidi kuogelea nalo. Mwisho walimuua, na kisiwa kile wakakiita Kisiwa cha Dubu, jina lililodumu mpaka leo. Siku chache baadaye waliiona milima iliyochongoka ya Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa tuviitavyo sasa Svalbard.

Masika yaliyofuata, baada ya kuzuiliwa na barafu majira yote ya baridi huko Novaya Zemlya, mabaharia wale wale walikula ini la dubu, wakaugua ugonjwa mzito, na watatu miongoni mwao wakababuka ngozi kutoka utosini hata nyayoni. Sababu yake ilijulikana baada ya karne nyingi, nayo ni kwamba dubu huyu, kwa kuwa hula mafuta ya sili, hulimbikiza inini mwake vitamini A nyingi ajabu, kiasi cha kumdhuru mwanadamu. Wenyeji wa nchi za barafu hawakuhitaji kufundishwa na daktari yeyote, kwani walikwisha kuliepuka ini hilo tangu zama za mababu zao.

Kabla ya hapo dubu mweupe alikuwa hidaya ya wafalme. Mwaka 1252 Henry wa Tatu wa Uingereza alikuwa naye mmoja katika ngome ya Mnara wa London, aliyetoka Norwe, na masherifu wa mji wakaamriwa kugharimia mnyororo wake pamoja na kamba ndefu ya kumshikia anapovua samaki katika mto Thames. Yamkini gharama hiyo iliwaudhi.

Biashara ya ngozi za dubu ilikuja polepole. Warusi wa pwani ya Bahari Nyeupe ndio waliotangulia kukaa Svalbard majira ya baridi kwa ajili ya kuwinda, na katika karne ya 19 wakafuata Wanorwe, waliotoka hasa katika bandari za Tromsø na Hammerfest. Ngozi ya dubu ilipata bei nzuri Ulaya, ikatandikwa katika kumbi za matajiri. Na mtu asiye na shamba wala chombo chake cha kuvulia, akiweza kuvumilia miezi kadhaa ya giza katika kibanda cha mbao, aliweza kurudi kwao na mapato ya kulipa madeni yake.

Mwindaji huyo alikuwa peke yake, au pamoja na mwenzi mmoja, na pwani yake ya kuwindia ilikuwa ndefu. Basi akabuni njia ya kuwapo kila mahali pasipo kuwapo. Lilichukuliwa kasha la mbao, likainuliwa juu ya miguu ya magogo yaliyookotwa ufukweni, kwa maana huko miti haioti, na magogo huletwa na bahari kutoka mito ya Siberia. Ndani ya kasha ikafungwa bunduki kuukuu, aghalabu iliyokatwa mtutu, mdomo wake ukielekea uwazi wa mbele. Na hapo mbele ya mdomo kikawekwa kipande cha mafuta ya sili, kilichofungwa uzi uliokwenda mpaka kwenye kifyatuo. Dubu, ambaye huweza kunusa harufu ya chakula kutoka masafa ya mbali sana, huja akivutwa na njaa, akaingiza kichwa, akauma, akavuta. Wakati huo mtegaji huenda amelala kibandani mwake upande wa pili wa ghuba, wala hatajua lililotukia mpaka azungukie mitego yake kwa mbwa na viatu vya theluji.

Mimi naona kwamba ubaya wa mtego huu haukuwa katika ukali wake, kwa kuwa risasi ya kichwa ni kifo cha upesi kuliko vifo vingi vya porini, bali katika kutochagua kwake. Uzi haukujua dume na jike, wala jike mwenye watoto na asiye nao. Watoto waliobaki kando ya mzoga, kama walikuwa wadogo, walikamatwa wakauzwa kwa bustani za wanyama za Ulaya, na fedha hiyo ikawa ziada juu ya bei ya ngozi ya mama.

Katika watu wa kazi hii wawili wamebaki midomoni mwa watu wa Norwe. Mmoja ni Henry Rudi, aliyeitwa mfalme wa dubu, ambaye kwa hesabu inayonasibishwa naye aliua dubu 713. Wa pili ni Wanny Woldstad, mjane aliyekuwa akiendesha teksi mjini Tromsø, akaenda kuwinda Hornsund, katika Svalbard, mwaka 1932, akawa mwanamke wa kwanza kuishi huko kwa utegaji, na baadaye akawachukua wanawe wawili. Ilikuwa miaka ya dhiki, kazi zimeadimika, na anayewahukumu watu hawa akiwa amekaa katika kiti cha starehe hana budi kwanza kuuliza walikuwa na njia gani nyingine.

Lakini dubu naye ana hesabu yake. Jike hupandwa majira ya kuchipua, akachimba pango lake katika theluji mwanzo wa baridi, akazaa humo watoto ambao aghalabu ni wawili, kila mmoja akiwa na uzito usiofika kilo moja. Na mpaka atoke mwezi wa Machi au Aprili, huwanyonyesha yeye mwenyewe hali chochote. Kisha watoto hufuatana naye kiasi cha miaka miwili na zaidi, wakijifunza kumvizia sili penye tundu lake la kupumulia barafuni. Hivyo basi uzao mmoja huja takriban kila miaka mitatu. Dhidi ya uzazi wa taratibu kiasi hicho, katika Svalbard na bahari za jirani waliuawa dubu wapatao 300 kwa mwaka, kwa wastani, kwa muda wa karibu karne nzima.

Serikali ya Norwe, iliyokabidhiwa rasmi visiwa hivyo mwaka 1925, ilianza kwa hatua ndogo ndogo. Sumu ilipigwa marufuku mwaka 1927. Mwaka 1939 visiwa vya Kong Karls Land, ambako majike wengi sana huchimba mapango yao, vikawekwa hifadhi. Na bunduki za kasha zikakatazwa mwaka 1970. Kwingineko, Urusi ya Kisovieti ilikwisha kuharimisha uwindaji wa dubu weupe mwaka 1956, ilhali huko Alaska matajiri walikuwa bado wakiwafuata dubu kwa ndege, mchezo ambao sioni namna ya kuuita uwindaji, mpaka sheria ya Marekani ilipowazuia mwaka 1972.

Wataalamu wa nchi tano zenye dubu weupe walikutana kwanza Fairbanks mwaka 1965; na tarehe 15 Novemba 1973, mjini Oslo, Kanada, Denmark, Norwe, Marekani na Urusi ya Kisovieti zikaafikiana mkataba wa kuwalinda. Ni jambo la kustaajabisha, ukikumbuka kuwa chini ya barafu ile ile nyambizi za Wamarekani na Warusi zilikuwa zikiviziana. Mkataba ulikataza kuwawinda kwa ndege na kwa vyombo vikubwa vya mota, ila ukaacha nafasi kwa wenyeji kama Wainuiti, ambao dubu kwao ni chakula na vazi, kuendelea na ada yao. Norwe, isiyokuwa na wenyeji wa namna hiyo katika Svalbard, ilifunga uwindaji kabisa, na utegaji uliowalisha watu wa Tromsø ukakoma.

Dubu wakaongezeka. Hesabu iliyofanywa mwaka 2004 juu ya Bahari ya Barents, upande wa Norwe na wa Urusi pamoja, ilikadiria dubu wapatao 2,650.

Ibara ya pili ya mkataba ilizifunga dola zile kuyalinda pia makao ya dubu, mahali pake pa kuzalia na pa kulia na njia zake za kuhamia, na sidhani kama waandishi wake walikuwa na wazo kwamba kitakachopungua ni barafu yenyewe. Mwaka 2009 wajumbe wa nchi zile zile tano walikutana Tromsø, katika bandari ile ile iliyopakua ngozi, wakakiri kwamba hatari kubwa kupita zote kwa dubu katika siku zijazo ni mabadiliko ya tabianchi. Jambo hili linaonekana dhahiri katika kisiwa chembamba cha Hopen, kusini mashariki ya Svalbard, ambako majike wajawazito hufika kwa kutembea juu ya barafu ya bahari inaposhuka kusini wakati wa kuingia baridi: katika miaka ambayo barafu huchelewa, mapango yanayoonekana masika yafuatayo huwa machache, na mama wanaotoka humo huwa wepesi kwa uzito, pamoja na watoto wao.