Picha za zamani na magari yaliyoijenga Tunduma

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

KATIKA nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo, hakosekani mzee mwenye picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, inayomwonyesha mtu amesimama kando ya gari. Mkono mmoja uko juu ya boneti, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na uso umekazwa kana kwamba kucheka ni kosa.

Mara nyingi gari hilo halikuwa lake. Lilikuwa la mwajiri, la misheni, la mwenye duka, la Serikali au la msafiri aliyesimama mpakani akisubiri kuvuka. Aliyepigwa picha aliliazima kwa muda wa kubonyeza kamera tu, kisha akarudi kwenye shughuli zake kwa miguu.

Wajukuu wanapoishika picha hiyo leo, huuliza kwanza habari za gari, ndipo waulize habari za mtu. Si vibaya. Gari la kawaida la wakati ule, mtu akijua kulisoma, humweleza picha ilipigwa lini, barabara ilikuwaje na nchi ilikuwa inapita katika jambo gani.

Makala haya yanaeleza ni magari gani yanayoonekana zaidi katika picha za aina hiyo katika ukanda huu wa mpaka, yalifikaje, na kwa nini kumbukumbu zake ziko hatarini kupotea.

Barabara iliyoleta magari

Tunduma ni mji wa barabara. Upande wa pili wa mpaka upo mji wa Nakonde nchini Zambia, nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini hadi ilipopata uhuru wake Oktoba 24, 1964. Barabara inayopita hapa ni sehemu ya ile iliyojulikana tangu enzi za ukoloni kama Barabara Kuu ya Kaskazini.

Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Mabadiliko makubwa yalianza Novemba 11, 1965, pale Serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kinyume cha matakwa ya Uingereza.

Zambia haina bahari, na wakati huo ilitegemea sana njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba. Mafuta hayo yalipokatwa Desemba mwaka huohuo, ilibidi yapitishwe Dar es Salaam. Mengine yalipelekwa kwa ndege, na mengine yalipakiwa katika mapipa juu ya malori yaliyopita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma.

Madereva Wazungu waliokuwa katika safari hizo waliibandika barabara hiyo jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Malori yalianguka, yalikwama na kuchomoka magurudumu, na wengine walipoteza maisha.

Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia-Tanzania Road Services, ambayo Serikali za nchi hizo mbili zilikuwa na hisa pamoja na wabia kutoka Italia. Malori yake ya Fiat yenye matela yakawa sura ya kawaida mpakani.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Barabara nayo ilijengwa upya na kuwekwa lami kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 na iliyojengwa kwa mkopo na wataalamu kutoka China, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kwa hiyo, katika muda wa takriban miaka 10 mji huu mdogo wa mpakani ulishuhudia magari ya Waingereza, Waitalia, Wafaransa, Wajerumani, Wajapani na Wachina yakipita mbele ya maduka yake. Ndiyo maana picha zake zina magari ya aina nyingi kuliko ukubwa wa mji wenyewe wakati huo.

Magari yaliyotawala picha

La kwanza ni Land Rover, ambalo wengi hulitamka Landrova. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, madini yasiyoshika kutu kama chuma. Hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi yake kuonekana barabarani hadi sasa.

Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, la polisi, la mganga na la padri. Katika njia za Ileje na Momba, mahali ambapo basi halikuweza kufika, ilibeba pia wagonjwa, mbegu na maiti.

La pili ni Peugeot 404, au Pijo, lililoanza kutengenezwa mwaka 1960. Sifa yake katika Afrika Mashariki ilipandishwa na mashindano ya East African Safari, ambayo ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell.

Lile lenye bodi ndefu na safu tatu za viti lilipendwa na wenye teksi za masafa marefu. Gia yake ilikuwa kwenye shingo ya usukani, hivyo mbele waliweza kukaa abiria wawili pamoja na dereva. Mdogo wake, Peugeot 504, aliingia sokoni mwaka 1968.

La tatu ni Volkswagen yenye mgongo kama wa kobe, injini nyuma na buti mbele. Walimu na watumishi wa kati waliipenda kwa sababu injini yake hupozwa kwa hewa, haihitaji maji ya rejeta.

Kwa upande wa malori, Bedford na Austin ndiyo yaliyojulikana zaidi kabla ya wimbi la Fiat, na baadaye Scania. Wilayani Mbozi, ambako kahawa ni zao kubwa la biashara, lori lilikuwa sehemu ya msimu. Magunia yalipanda, watu wakapanda juu ya magunia, na utingo akaning'inia nyuma.

Mabasi nayo hayakukosa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na huduma ya mabasi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ambako reli haikuwepo. Baada yake walikuja KAMATA, kampuni ya mabasi ya Taifa, pamoja na kampuni za usafiri za mikoa.

Kukadiria umri wa picha

Picha nyingi hazina tarehe, lakini gari lenyewe huweza kusaidia.

Kwa Volkswagen, tazama kioo cha nyuma. Kikiwa kimegawanyika vipande viwili, gari lilitengenezwa kabla ya mwaka 1953 au mwanzoni mwake. Kikiwa kimoja chenye umbo la yai, ni la kati ya 1953 na 1957. Kikiwa cha mstatili, ni la baada ya hapo.

Kwa Land Rover, tazama taa za mbele. Zikiwa katikati, karibu na wavu wa rejeta, ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa zimehamia kwenye madigadi, ni la baadaye.

Jina la Datsun kwenye pikapu au gari dogo kwa kawaida linaashiria picha ya miaka ya 1960 hadi 1980, kwani kampuni hiyo ilianza kulibadili kuwa Nissan mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Namba za usajili husaidia pia. Mfumo wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu ulianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake zilikuwepo namba zinazoanza na TZ.

Hata maandishi ya nyuma ya picha ni ushahidi. Anayeandika "Mkoa wa Mbeya" kwa picha ya Tunduma hakukosea, kwa kuwa Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya.

Ikumbukwe tu kwamba gari hutaja mwaka ambao picha haiwezi kuwa imetangulia. Halitaji mwaka wa mwisho, maana gari la mwaka 1960 liliweza kupigwa picha likiwa na umri wa miaka 25.

Kwa nini yalitoweka

Utamu wa picha usitufanye tusahau shida. Mfumuko wa bei ya mafuta duniani mwaka 1973 na 1979, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya spea na petroli kuwa vitu vya kutafuta kwa tochi. Kulikuwa na wakati magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kubana matumizi ya mafuta.

Mafundi wa gereji walijifunza kuchonga, kuchomelea na kuhamisha kifaa cha gari hili kukipeleka gari lile. Magari mengi yaliyoko kwenye picha yaliishia kuwa spea za mengine.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje, yakiwemo magari. Katika miaka ya 1990 na 2000, magari yaliyotumika kutoka Japan yalijaa nchini. Yalikuwa ya bei nafuu, spea zake zilipatikana, na hayakuhitaji kusukumwa kila asubuhi. Hakuna wa kumlaumu aliyeliacha Pijo lake uani.

Kinachopotea

Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na Serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Ni jambo jema. Lakini Bedford iliyobeba kahawa ya Mbozi, au Land Rover iliyomwahisha mama mjamzito hospitali, haina makumbusho yake. Mwisho wake ni mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu.

Kwa hiyo picha ya albamu ndiyo hati pekee iliyobaki. Nayo huliwa na unyevu, mchwa na jua, na jina la aliyesimama kando ya gari huondoka na mtu wa mwisho anayelikumbuka.

Kijana aliyekuwa utingo mwaka 1966 akiwa na miaka 20, leo yuko katika umri wa miaka 80 hivi. Anayetaka kumuuliza asisubiri msiba.

Kazi yenyewe haina gharama. Picha inakiliwa kwa simu. Nyuma yake, pembeni, yanaandikwa kwa penseli laini jina la mtu, mahali, mwaka unaokadiriwa na mwenye gari. Kalamu ya wino isitumike, kwani huvuja na kuharibu sura. Picha halisi ihifadhiwe mahali pakavu pasipo na mwanga wa jua.

Tangu Oktoba 2019, Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, na malori yanayopita ni mengi kuliko wazee wa mwaka 1966 walivyoweza kufikiri. Mtoto anayepigwa picha leo kando ya mojawapo ya malori hayo naye ataulizwa siku moja lilikuwa la nani na lilikuwa linakwenda wapi. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kuandika jibu mapema.