Unyanyapaa wa magonjwa ya akili kwa wanafunzi wa uuguzi

Unyanyapaa wa magonjwa ya akili kwa wanafunzi wa uuguzi ni woga, dharau na tabia ya kujitenga ambayo wanafunzi hao huwa nayo kwa watu wenye skizofrenia, sonona, ugonjwa wa hisia mseto na maradhi mengine ya akili. Makala hii inaeleza chimbuko lake na njia zilizojaribiwa katika kuupunguza. Mada imechunguzwa zaidi Australia, Kanada, Uingereza na Marekani. Uzito wake unatokana na kazi yenyewe: daktari hupita wodini na kuondoka, lakini muuguzi hukaa na mgonjwa mchana na usiku, humpa dawa, humlisha akikataa kula, na ndiye wa kwanza kusikia anapoanza kueleza yanayomsumbua.

Chimbuko

Mwanafunzi haingii chuoni akiwa mtupu. Amekulia mtaani ambako watoto humrushia mawe mtu anayeokota makopo, na watu wazima hutazama tu. Amesikia kwamba wazimu ni kurogwa, ni mapepo, ni laana ya ukoo au ni malipo ya kuvuta bangi. Nchini Tanzania, Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, imegeuzwa tusi. Mtu akisema jambo lisiloeleweka huambiwa apelekwe Mirembe. Nairobi, Mathari imebeba mzigo huohuo. Ilianza mwaka 1910 ikiitwa makazi ya vichaa, na leo ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo. Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, ni kongwe kuliko zote mbili, lakini haijulikani sana nje ya Mkoa wa Tanga.

Katika elimu ya jamii, msingi wa mjadala uliwekwa na Erving Goffman katika kitabu chake cha 1963, alipoeleza jinsi alama moja inavyomfanya mtu aonekane pungufu mbele ya wenzake. Mwaka 2001 Bruce Link na Jo Phelan waliongeza hoja ya mamlaka: unyanyapaa huwa na meno pale tu anayedharau anapokuwa na nguvu juu ya anayedharauliwa. Hoja hiyo inamhusu muuguzi moja kwa moja, kwa maana ndiye mwenye funguo za wodi.

Daktari wa akili Graham Thornicroft wa London aliugawa unyanyapaa katika sehemu tatu: upungufu wa maarifa, hisia mbaya na matendo ya ubaguzi. Mgawanyo huo umewafaa sana wakufunzi, kwa sababu dawa inayoponya sehemu moja si lazima iponye nyingine. Mwanafunzi anaweza kupata alama za juu kabisa katika mtihani wa skizofrenia na bado akakataa kukaa kiti kimoja na mwenye skizofrenia.

Wodini

Mahali ambapo unyanyapaa hupungua au kuota mizizi ni katika mafunzo kwa vitendo. Siku ya kwanza mwanafunzi huanza kwa kuonywa. Husikia mlango ukifungwa nyuma yake, huambiwa asimpe mgonjwa mgongo, asivae mkufu, asiache kalamu wala mkasi mezani. Tahadhari hizo zina sababu zake, lakini zikitolewa peke yake bila neno jingine lolote kuhusu watu waliomo humo ndani, mwanafunzi hufundishwa kuogopa kabla hajamjua mgonjwa hata mmoja kwa jina.

Kisha anawaona wagonjwa wakiwa katika hali mbaya kuliko zote. Aliyelazwa jana hajalala siku kadhaa, anazungumza na sauti asizozisikia mwingine, au ameduwaa kwa dawa alizochomwa usiku. Akishapata nafuu anaruhusiwa kwenda nyumbani, na mwanafunzi hamwoni tena. Yule anayerudi tena na tena ndiye anayezoeleka. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani Patricia Cohen na Jacob Cohen walionyesha namna hali hii inavyowapotosha hata wataalamu waliobobea: mhudumu huhukumu ugonjwa mzima kwa wale anaowaona, na anaowaona zaidi ni wale wasiopona haraka. Katika wodi ya upasuaji mwanafunzi humwona mgonjwa akiondoka kwa miguu yake. Katika wodi ya akili, mtu ambaye angerekebisha fikra hizo, yaani aliyepona na kurudi kazini, hayupo.

La tatu ni lugha ya wafanyakazi wenyewe. Mwanafunzi husikia wakubwa wakipokezana zamu. Muuguzi akisema "yule chizi wa kitanda cha nne", somo limeshatolewa, na hakuna mhadhara utakaolifuta kwa urahisi. Akisikia mgonjwa akitajwa kwa jina, akaulizwa kama amelala na kama ndugu zake wamefika, nalo ni somo.

Madhara hayaishii katika wodi za akili. Mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili anapofika hospitali ya kawaida akilalamika tumbo au kifua, mara nyingi malalamiko yake huchukuliwa kuwa sehemu ya wazimu. Anarudishwa kliniki ya akili bila kupimwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi huuawa na maradhi ya kawaida ya mwili yanayotibika. Takwimu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba unyanyapaa wa mhudumu ni suala la uhai wa mgonjwa, wala si la adabu tu.

Njia za kuupunguza

Masomo ya darasani ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Huongeza maarifa, lakini peke yake hubadilisha hisia kidogo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu wakielezwa kuwa ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo kama kisukari kilivyo cha kongosho, dharau ingeisha. Utafiti wa Bernice Pescosolido na wenzake, uliolinganisha Marekani ya 1996 na ya 2006, uliivunja imani hiyo: watu wengi zaidi walikubali maelezo ya kitabibu, lakini hamu ya kujitenga na wagonjwa haikupungua.

Njia yenye ushahidi imara zaidi ni kukutana ana kwa ana na mtu aliyeugua na kupata nafuu. Nadharia yake ni ya Gordon Allport, aliyeandika mwaka 1954 kuhusu ubaguzi wa rangi. Alisema makundi yakikutana kwa hadhi sawa, yakiwa na lengo moja, yakishirikiana na kuungwa mkono na wakubwa, chuki hupungua. Mwaka 2012 Patrick Corrigan na wenzake walikusanya tafiti 72 zenye washiriki 38,364 kutoka nchi 14, wakakuta kwamba kwa watu wazima kukutana ana kwa ana kunashinda elimu ya darasani, na kunashinda pia kutazama video. Tume ya jarida la Lancet ya 2022, iliyoongozwa na Thornicroft pamoja na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia, ilifikia hukumu hiyohiyo.

Sharti la hadhi sawa ndilo linalosahaulika vyuoni. Kumhudumia mgonjwa aliyevaa nguo za hospitali si kukutana kwa usawa. Katika kipindi kilichoandaliwa vizuri, mgeni huja na nguo zake, husimama mahali pa mwalimu, hueleza alivyougua, alichofanyiwa wodini kilichomsaidia na kilichomuumiza, kisha hueleza kazi na familia yake ya sasa. Wanafunzi humuuliza maswali, yeye ndiye mwenye majibu. Australia ilitangulia katika hili: mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Melbourne kiliunda nafasi ya uhadhiri wa uuguzi wa akili kwa mtu mwenye uzoefu wa kuugua, na Brenda Happell akaandika mfululizo wa tafiti kuhusu matokeo ya ufundishaji wa namna hiyo.

Kanada ilianzisha mpango wa Opening Minds mwaka 2009, ukiwalenga wahudumu wa afya miongoni mwa makundi mengine. Mwaka 2014 Stephanie Knaak na wenzake walichambua programu zake na kukuta kwamba zilizofanikiwa zaidi zilitoa nafasi zaidi ya moja ya kukutana na watu waliougua na zilisisitiza kwamba kupona kunawezekana. Ziliwafundisha pia wahudumu la kusema na la kufanya mbele ya mgonjwa.

Kuwavalisha wanafunzi vipokea sauti vinavyoiga sauti anazosikia mgonjwa kunaongeza huruma, ila tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kunaweza pia kuongeza hamu ya kukaa mbali. Njia hii itumike kwa uangalifu, na isitumike peke yake.

Vipimo

Kupima unyanyapaa hutumika zaidi dodoso la CAMI la 1981 kutoka Kanada, MICA la Uingereza na OMS-HC la Opening Minds. Yote hupima kauli, si matendo.

Afrika Mashariki

Tangu 2008 mpango wa mhGAP wa WHO unataka magonjwa ya akili yatibiwe katika vituo vya kawaida. Kwa hiyo kila muuguzi, hata wa zahanati, ni muuguzi wa akili kwa kiasi fulani. Kenya ina vyama vya waliougua, kama USP-Kenya, ambavyo vingeweza kutoa wahadhiri wageni. Mwaka 2020 kikosi kazi cha afya ya akili nchini humo kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Wanafunzi wa eneo hili wamewahi kufundishwa kuacha unyanyapaa wa UKIMWI, na watu wanaoishi na virusi walisimama madarasani wakajieleza. Uzoefu huo upo karibu, nao haujatumika vya kutosha.

Sheria nayo hufundisha. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba. Nchini Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai, na mwanafunzi wa uuguzi anayempokea usiku mgonjwa aliyejaribu kujiua huweza kukuta askari kando ya kitanda.