Ugonjwa wa seliaki: mawazo mapotofu kuhusu watu ambao mkate unawadhuru

Katika makanisa yetu ya mashariki mkate uko kila mahali: kwenye chai ya asubuhi, kwenye arusi, kwenye matanga, na hasa kwenye Meza ya Bwana. Lakini kuna watu ambao mkate wa ngano unawaharibu tumbo. Tunapenda kueleza ugonjwa wao, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa juu yao si ya kweli, na maneno hayo yanaumiza.

Ugonjwa wa seliaki unatokea pale kinga ya mwili inapoushambulia utumbo mwembamba kila mara mtu anapokula gluteni. Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na rai; ndiyo inayofanya unga wa mkate unate na kuvutika. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa vinyweleo hivyo vinabomoka, na chakula kinapita bila kuujenga mwili. Hivyo mtu anakula lakini anakonda, anahara, tumbo linavimba, damu inapungua. Mtoto anadumaa. Wengine hawahari kabisa. Wana uchovu na upungufu wa damu tu. Duniani inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajui.

“Ni karuho.” Mtu akikonda huku tumbo likivimba, watu wanaanza kutafuta jirani aliyemtilia sumu. Wengine wananong’ona kwamba ni sida. Seliaki haitoki kwa jirani, haiambukizi, wala si roho mbaya. Inatokana na urithi wa damu pamoja na chakula chenye gluteni. Kabla ya kumtaja mtu kuwa mchawi, mgonjwa afike kwanza hospitalini.

“Ni ugonjwa wa Wazungu.” Hapana. Unajulikana India, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Watoto wa Wasaharawi walipopimwa, ulionekana kwao kuliko Ulaya. Kwetu, penye bugali kuliko mkate, unaweza kujificha, na kuhara kwingi kunatokana na amiba, minyoo na maji machafu. Kwa hiyo tusimtangazie kila anayehara kwamba ana seliaki. Daktari ndiye anayetofautisha.

“Aache mkate kwanza, atapimwa baadaye.” Hapa wengi wanakosea kwa nia njema. Kipimo cha damu kinatafuta alama za mapambano ya mwili na gluteni. Mtu akiacha ngano kwa muda mrefu, alama zinapungua na kipimo kinaweza kusema hana kitu. Apimwe akiwa bado anakula, kisha aache.

“Amepona, sasa arudi kwenye mkate.” Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alifuatilia jambo hili. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate ulikosekana nchini mwake, na watoto waliokuwa na ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Mpaka leo dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Hata aliyeombewa na kupata nguvu asirudie ngano bila daktari.

“Kidogo hakidhuru.” Kinadhuru. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoitwa “bila gluteni” ni miligramu zisizozidi 20 kwa kilo moja. Makombo ya mkate yanapita kiasi hicho kwa urahisi.

“Chakula chake ni cha matajiri.” Bugali ya mihogo au ya mahindi, mchele, mtama, viazi, ndizi, maharagwe, sombe, samaki na nyama havina gluteni. Hatari iko kwenye mandazi, chapati, makaroni, biskuti, vinywaji vya malti, na unga wa uji uliochanganywa na ngano. Tuangalie pia mashine za kusagia: kule Lubero, ambako ngano inalimwa, mashine iliyosaga ngano inaacha vumbi lake ndani ya unga wa mahindi. Na asiye na ugonjwa huu hana sababu ya kuacha mkate. Kuuacha hakumfanyi awe na afya zaidi.

Sasa Meza ya Bwana. Mshirika anayepitisha sahani bila kuchukua mkate asihesabiwe kuwa ana dhambi iliyofichika au imani haba. Ndugu zetu Wakatoliki wana sheria inayotaka mkate wa ngano; kwetu baraza la wazee linaweza kuamua. Kipande cha mkate wa mihogo au wa mchele, kilichopikwa kwa vyombo safi, kinatosha. Kiwekwe katika sahani yake iliyofunikwa, na ahudumiwe kwanza, kabla mikono haijashika mkate mwingine. Kikombe asichangie na wanaochovya mkate. Apewe kikombe chake kidogo. Pale Korintho Paulo aliwakemea waliokula bila kuwajali wenzao.

Mzee au shemasi akisikia mshirika anasema mkate unamwumiza, amwulize kwa siri, si mbele ya kusanyiko. Amshauri aende hospitalini, na Jumapili ya Meza amwandalie sahani yake.