Weusi wa Shaba: Nani Hasa Anafanya Kazi?

Jioni ikiingia Kariobangi, Nairobi, kule kwenye viwanda vidogo, waya kuukuu hutiwa moto ili plastiki iungue. Kinachobaki ni cheusi. Mnunuzi hakipimi hivyo hivyo: hukikwaruza kwa kisu hadi wekundu wa kopa utokeze, ndipo alete mizani. Sehemu ya weusi huo ni oksidi ya shaba, na oksidi hiyo ndiyo inayowagawa wanakemia wanaotafuta vichocheo vya kupasua maji na kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa fueli: je, anayefanya kazi ni molekuli yenye shaba waliyoiunda, au ni mabaki yake juu ya elektrodi?

Makala nyingi za fani hii hufungua kwa dai moja: shaba ni rahisi na ipo tele. Ni kweli, ukiilinganisha na rutheniamu au iridiamu. Lakini msomaji wa Eastlands aliyewahi kulala gizani kwa sababu transfoma ya mtaa imefunguliwa, shaba yake ikauzwa kwa kilo, atacheka. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikairuhusu tena Mei. Isitoshe, katika kichocheo cha molekuli gharama mara nyingi iko kwenye ligandi, yaani molekuli za kikaboni zinazoishika shaba. Ligandi ikivunjika baada ya saa moja, bei ya shaba haikuokoi.

Hoja ya bei basi naiweka kando; tutazame kazi yenyewe. Mwaka 2012 wanakemia Barnett, Goldberg na Mayer walionyesha kuwa chumvi ya kawaida ya shaba na ligandi iitwayo baipiridini, katika maji yenye alkali kali, hujiunga zenyewe na kutoa oksijeni kwa takriban mizunguko 100 kwa sekunde. Matokeo ya kutia moyo, ingawa yalidai kama robo tatu ya volti juu ya kiwango cha chini cha kinadharia.

Tatizo ni kwamba shaba haitulii. Ikipokea elektroni, umbo inalolipenda hubadilika na mshiko wa ligandi hulegea. Upande wa oksijeni, molekuli inaweza kuacha utando wa oksidi juu ya elektrodi. Upande wa kaboni dayoksaidi, chembe za shaba tupu. Na shaba tupu si mgeni wa kazi hiyo: Yoshio Hori na wenzake huko Japani walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba huzalisha methani na ethilini.

Mfano ninaoupenda ni fthalosianini ya shaba, ile buluu ya wino na rangi za magari (sishangai ikiwa imepakwa matatu kadhaa za Jogoo Road). Utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa ikiwa chini ya volti hugeuka vishada vya shaba vya takriban nanomita 2, hutoa methani, kisha volti ikiondolewa hurudi kuwa molekuli. Aliyeipima kabla na baada tu angeapa haikubadilika.

Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, na maabara zetu hazihitaji mashine ya mamilioni kuanza kuhoji nani hasa anafanya kazi. Itoe elektrodi iliyotumika, isuuze, itumbukize kwenye mmumunyo mpya kama ule wa kwanza, ila usio na molekuli, kisha uwashe umeme. Mkondo ukiendelea, yaelekea utando ndio ulio kazini. Ukikatika, molekuli bado haijashinda kesi, maana utando mwingine huyeyuka volti ikizimwa; hapo sharti elektrodi itazamwe umeme ukiwa unapita.