Chui Akiondoka: Kuzisoma Tena Komiki za Zamani za Black Panther

Watu wengi walimjua T'Challa mwaka 2018, filamu ilipotoka. Lakini jamaa huyu ana umri mkubwa kuliko wengi wetu. Alizaliwa katika toleo la 52 la Fantastic Four, Julai 1966, mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Kwenye mchoro wa kwanza wa Kirby aliitwa Coal Tiger na hakuvaa barakoa. Ulikuwa unamwona mtu mweusi uso wake wote. Toleo lilipofika sokoni, uso ulikuwa umefunikwa kabisa.

Nimeyasoma matoleo hayo kwa mpangilio, kuanzia 1966 hadi 1976. Nilitarajia ngumi, na ngumi zipo za kutosha. Kilichonishika zaidi ni safari zake. Karibu kila mwandishi aliyempokea alijikuta akirudi kwenye swali lilelile: mfalme akihama, nyumbani anabaki nani?

Mwanzo wake ni wa fahari. Anawaalika Fantastic Four Wakanda, kisha anawawinda ili kujipima kabla ya kumkabili Klaw, mzungu aliyemuua baba yake, T'Chaka, kwa tamaa ya vibraniamu. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Kenya ina miaka mitatu tangu ipate uhuru, Zambia miwili, na Kongo imetoka kumwaga damu huku mataifa makubwa yakikodolea macho madini ya Katanga. Basi wanaume wawili wa New York wanachora nchi ya Kiafrika ambayo haijawahi kutawaliwa na mkoloni, yenye mitambo kuishinda Marekani, na adui wake ni mwizi wa madini. Msomaji wa Lubumbashi asingehitaji kuelezwa zaidi.

Halafu, Mei 1968, T'Challa anajiunga na Avengers na kuhamia Marekani. Paka akiondoka, panya hutawala. Katika toleo la 62 la Avengers, Machi 1969, anarudi kutembelea nyumbani na kukuta M'Baku, aliyemwachia madaraka, anakitaka kiti chenyewe. Sitakificha kinachokera hapa: M'Baku anavaa ngozi ya sokwe na kuitwa Man-Ape, jina ambalo Mwafrika yeyote akilisoma anakunja uso. Ila chini ya uchafu huo kuna hoja ya kweli. Nchi haiwezi kutawaliwa kwa barua.

Mfalme wetu hasikii. Mwaka 1970 tunamkuta Harlem akifundisha shule kwa jina la uongo, Luke Charles. Yaani mtu mwenye mlima wa vibraniamu anasahihisha madaftari New York! Nia yake ni njema, watoto wale wanamhitaji. Lakini watoto wa Wakanda nao je?

Jina lake pia lilikuwa na misukosuko. Black Panther Party ilianzishwa Oakland mnamo Oktoba 1966, miezi michache baada ya T'Challa kutokea, na ghafla jina la katuni likawa na uzito wa siasa. Kwa hiyo, katika toleo la 119 la Fantastic Four, Februari 1972, anajiita Black Leopard. Hadithi hiyo inatokea Rudyarda, nchi ya kubuni inayowabagua weusi, na ukiisoma unaiona Afrika Kusini waziwazi. Kwetu badiliko hilo linachekesha kidogo. Tafsiri majina yote mawili kwa Kiswahili uone: Chui Mweusi na Chui Mweusi. Jina jipya halikudumu.

Aliyelichukua swali la safari na kulifanyia kazi kwa dhati ni Don McGregor. Marvel walikuwa na jarida liitwalo Jungle Action, likirudia hadithi za miaka ya 1950 ambamo mashujaa wa msitu wa Afrika ni wazungu. Kuanzia toleo la 6, Septemba 1973, McGregor alipewa nafasi ya kumweka T'Challa humo. Akamrudisha nyumbani. Hadithi yake, Panther's Rage, iliendelea hadi toleo la 18, ikichorwa kwanza na Rich Buckler, na baadaye sehemu kubwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache wa wakati ule. Karibu wahusika wote ni weusi, kiasi kwamba McGregor aliulizwa wazungu wako wapi. Iko Wakanda, alikuwa akijibu kwa kazi yake, mlitaka wawe wapi?

T'Challa huyu anarudi na kukuta mzee ameteswa na waasi, na mzee huyo anafia mikononi mwake. Kiongozi wa waasi ni Killmonger, aliyetolewa Wakanda kutokana na uvamizi wa Klaw, akaishi Marekani, kisha akarudishwa kwa msaada wa T'Challa mwenyewe. Wanapigana juu ya maporomoko ya maji, na mfalme anatupwa chini. W'Kabi, mkuu wa ulinzi, hamung'unyi maneno: ulikuwa wapi? Naye Monica Lynne, mpenzi Mmarekani aliyekuja naye, anatazamwa kama mgeni tangu siku ya kwanza.

Kila ukoo wetu una mtu aliyeondoka. Anatuma hela, anapiga simu sikukuu, na siku anayorudi anashangaa kwamba watu wamemzoea kutokuwepo. Sijui komiki nyingine ya miaka ile iliyoligusa jambo hilo kwa uchungu namna hii.

McGregor alimpeleka T'Challa Georgia kupambana na Ku Klux Klan, lakini jarida lilifungwa kwenye toleo la 24, Novemba 1976, hadithi ikiwa katikati. Miezi miwili baadaye Kirby alianza jarida jipya la Black Panther, lenye hadithi tofauti kabisa.

Ukitaka toleo moja tu, tafuta la 17, la Septemba 1975. Killmonger na T'Challa wanarudi kwenye maporomoko yaleyale, na mfalme anazidiwa tena. Anayemsukuma Killmonger hadi kifo chake ni Kantu, mtoto mdogo wa Wakanda. Nchi iliokolewa na mmoja wa wale ambao hawakuwahi kuondoka.