Siku za Mwizi na Hesabu ya Makosa

Wazee husema ya kwamba siku za mwizi ni arobaini. Maana yake yajulikana: mwizi, hata akijificha namna gani, mwisho atakamatwa. Mithali hii ni onyo jema. Lakini je, ni hesabu ya kweli? Swali la namna hii liliwashughulisha wenye elimu wa Ufaransa na Ubelgiji yapata miaka 200 iliyopita, na jibu walilolipata lamfaa kila asomaye habari za uhalifu.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kosa, kwa asili yake, ni kukosa shabaha au njia, nalo laweza kuwa dogo sana. Dhambi ni kosa mbele ya Mungu. Jinai ni kosa ambalo sheria ya nchi imeliwekea adhabu. Basi dhambi nyingi si jinai, na jinai nyingine za leo hazikuwa jinai siku za babu zetu. Kwa hiyo ahesabuye jinai huhesabu yale tu ambayo sheria imeyataja.

Mwaka 1827 Serikali ya Ufaransa ilipiga chapa hesabu kuu ya hukumu za jinai za mwaka 1825, ikaendelea kuitoa mwaka kwa mwaka. Makosa yaligawanywa mafungu mawili: yaliyo juu ya nafsi za watu, kama kuua na kujeruhi, na yaliyo juu ya mali, kama wizi na kughushi hati.

Mwanasheria André-Michel Guerry alizitia hesabu hizo katika ramani, kwanza mwaka 1829 pamoja na Adriano Balbi, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1833. Watu wengi wa siku zile walidhani kuwa ujinga ndio mama wa uhalifu. Penye shule nyingi, wakosaji watakuwa wachache. Ramani hazikukubali. Kaskazini, penye wasomaji wengi, ndipo makosa ya mali yalipozidi. Na makosa juu ya nafsi yalizidi kusini, hasa katika kisiwa cha Corsica. Wala haifuati kwamba shule huzaa wezi: miji yenye biashara ina shule nyingi, na ina mali nyingi ya kuibwa pia.

Mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, mjuzi wa elimu ya nyota mjini Brussels. Neno letu takwimu hapo kwanza lilikuwa na maana ya kalenda, nalo lamfaa sana mtu huyu aliyetoka katika hesabu za mbinguni akaingia katika hesabu za wanadamu. Alistaajabu kuona jinsi idadi ya walioshitakiwa katika mahakama kuu za jinai za Ufaransa ilivyokaribiana: mwaka 1826 watu 6,988, mwaka 1827 watu 6,929, mwaka 1828 watu 7,396, mwaka 1829 watu 7,373. Kwa kila wanaume 100 walikuwako wanawake 23, na umri wa hatari kuliko wote ulikuwa karibu na miaka 25. Akafundisha ya kwamba mizizi ya uhalifu imo katika hali ya jamii nzima, si katika moyo wa mtu mmoja tu.

Lakini aliona na jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Walioandikwa si wote waliokosa. Mkosaji akijificha vema, au aliyedhulumiwa akinyamaza, au wenye kulinda sheria wakilegea, kosa haliingii daftarini. Kuua mtu hujulikana karibu daima. Wizi mdogo hupotea kimya. Kwa hiyo Quetelet alizitumia hesabu kwa sharti moja, kwamba sehemu ijulikanayo ikae hali moja mwaka hata mwaka.

Na sharti hilo ni rahisi kuvunjika. Askari wakiongezwa, hesabu yaweza kupanda, ingawa wezi ni wale wale. Watu wakikata tamaa ya mahakama, yaweza kushuka, hali madhara yamezidi. Uingereza ilipoanza mwaka 1982 kuwauliza watu nyumbani mwao juu ya makosa waliyotendewa, yalionekana mengi sana kuliko yaliyomo katika vitabu vya polisi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Basi tukiambiwa kwamba mji fulani au kabila fulani lina wahalifu wengi, tusihukumu upesi. Tuulize kwanza: Nani amehesabu? Amehesabu nini, walioshitakiwa au waliotiwa hatiani? Na ni nani hakwenda kushitaki? Asiyeuliza hayo aweza kuwaaibisha watu wasio na hatia kwa tarakimu zilizo sahihi kabisa. Mwizi wa siku ya arobaini tumemwandika. Wale ambao siku yao haijafika hawamo katika kitabu chochote.