WACHEZA NYOKA WA UNYAMWEZI: UCHAWI AU USOMI?

Chuo kimefunguliwa, Dodoma vumbi ni lilelile, bumu halijaingia na maharage ya kantini yameanza kuhesabika kwenye sahani. Lakini leo siandiki kuhusu njaa. Kuna ubishi ulizuka juzi usiku chumbani kwetu hosteli, na kwa kuwa mle ndani mimi ndiye ninayesoma historia, nimeona niumalizie hapa kwa maandishi.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mwanza, alituonyesha kwenye simu video ya ngoma ya kwao. Jamaa kajizungushia chatu mzima shingoni, anacheza, watu wanapiga vigelegele. Wa kwanza akasema, "Huo uchawi mtupu." Wa pili akabisha, eti ni kiini macho tu, kama wale jamaa wa mazingaombwe waliokuwa wanapita shuleni tukiwa la tatu, mnatoa shilingi mia mbili mnaingia darasani kumwangalia mtu akigeuza karatasi kuwa noti. (Na mpaka leo sijapata jibu: kama anageuza karatasi kuwa noti, mia mbili zetu alikuwa anazitakia nini?) Wa tatu akasema nyoka kang'olewa meno, mjadala umefungwa.

Nikawaambia wote watatu wameangalia nyoka, hakuna aliyeangalia chama. Maana nyuma ya yule mcheza ngoma kuna chama. Na si chama cha jana.

Kinaitwa Buyeye, na wanachama wake ni Bayeye. Ni chama cha wakamata nyoka na wacheza nyoka cha Wanyamwezi na Wasukuma. Wanachama hawakuwa watu wa kazi hiyo peke yake, walikuwa wakulima na wafugaji kama wazee wetu. Mtu analima masika, anavuna, kiangazi kikiingia anatoka na wenzake kwenye ngoma. Kwa lugha ya mpira tungesema ni timu ya ridhaa. Lakini usidhani ilikuwa holela. Kuingia kulikuwa na kiingilio. Mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake, anapelekwa porini, anafundishwa kumjua nyoka na makazi yake, kumkamata, na miti ya dawa. Kulikuwa na vyeo, kulikuwa na nyimbo za chama, na kulikuwa na siri. Asiye mwanachama haambiwi.

Na Buyeye hakikuwa peke yake. Kulikuwa na Bayege, wawindaji wa tembo, na Banunguli, waliokuwa wakiwafuata nungunungu mpaka ndani ya mashimo. Kila chama na ngoma yake, dawa zake na majigambo yake. Kwa Wasukuma ngoma nazo zikagawanyika pande mbili za mahasimu, Bagika na Bagalu, kama Simba na Yanga, na kila upande unatafuta cha kuwavuta watazamaji waache uwanja wa mwenzake waje kwako. Hapo ndipo nyoka anapopata kazi. Mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, mnaweza kumwona chatu akicheza ngoma.

Sasa mtaniuliza, wewe mtoto wa Kilimatinde, nyoka wa Wanyamwezi wanakuhusu nini?

Wananihusu kwa sababu ya njia. Ambao hamjafika kwetu, Kilimatinde iko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pale asubuhi unaiona mbuga ya Bahi imelala chini. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Tabora na Bagamoyo ilikuwa inapita pande hizi, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Ugogo walikuwa wanalipa hongo kwa watemi, mpaka maji ya kunywa yalikuwa na bei. Magharibi yetu kuna nyika ya vichaka iliyoitwa Mgunda Mkali, ya kuvuka siku nyingi bila maji ya uhakika, na jina lenyewe linatosha kukuambia. Mtu anayetembea peku kwenye vichaka vile miezi na miezi, akilala chini, anafahamu thamani ya rafiki anayejua nyoka. Kwa hiyo naomba tusikichukulie chama hiki kama mchezo wa watu wasio na kazi. Ujuzi wake ulikuwa ni bima ya msafiri.

Wajerumani wakaja, wakajenga boma Kilimatinde miaka ya 1890, kituo kikubwa kwelikweli enzi hizo. Halafu wakajenga reli. Reli ikapita Saranda na Manyoni, ikatuacha sisi pembeni tunaiangalia. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na kazi ya upagazi kwenye njia ile ikafa. Ndiyo maana Kilimatinde ya leo ni kijiji chenye historia kubwa kuliko soko lake.

Lakini treni haikuua Buyeye. Treni ndiyo ilileta wageni waliokuja kukiandika.

Mwaka 1926 walishuka hapa Dodoma Wamarekani wa taasisi ya Smithsonian, wakitafuta wanyama hai wa kupeleka kwenye bustani ya wanyama ya Washington. Fedha zilitoka kwa Chrysler, yule tajiri wa magari. Ndani ya msafara ule alikuwemo Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi, na Frederic Carnochan. Huyu Carnochan alinogewa na wacheza nyoka wa Unyamwezi, na mwaka 1935 akatoa kitabu, pamoja na mwandishi mwenzake, akisimulia jinsi alivyoingizwa chamani. Kitabu kinasomeka kama sinema, kwa hiyo ukikisoma weka chumvi pembeni, imo ya kutosha. Aliyeandika kwa utulivu ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akichunguza mila kwa niaba ya serikali ya kikoloni. Makala yake juu ya Buyeye ilitoka mwaka 1946. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye ndugu kule amtume.

Kuna jambo linanichekesha. Mwaka 1905 kule London waganga wa mazingaombwe wa Kizungu walianzisha chama chao, The Magic Circle. Kuingia lazima ufanyiwe mtihani. Una vyeo. Una mikutano. Ukitoa siri za chama nje unafukuzwa. Sasa niambieni tofauti yake na Buyeye ni nini? Chao kinaitwa klabu, chetu kinaitwa uchawi. Na si maneno tu: mwaka 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo ipo mpaka leo kama Sura ya 18. Haikutungwa kwa ajili ya wacheza nyoka, lakini fikiria wewe ni mkulima una kibuyu cha dawa, una nyoka kwenye kapu na una siri uliyoapa kutoitoa. Utamweleza vipi bwana shauri kwamba hii ni klabu tu?

Haya, turudi kwenye ubishi wetu. Mchezo wenyewe unafanyikaje?

Sehemu kubwa ni kumjua nyoka. Chatu hana sumu kabisa, silaha yake ni kubana, na aliyeshiba ni mvivu kuliko mwanafunzi wa saa mbili asubuhi. Nyoka damu yake inafuata joto la mahali, kwa hiyo alfajiri ya baridi ni mzito. Kifutu anategemea kutulia asionekane. Swila akiinua shingo anafuata kinachotembea mbele yake, ngoma haimshughulishi sana. Wanaojua haya yote wanaonekana kama wana nguvu za ajabu mbele ya sisi tunaojua kitu kimoja tu, kukimbia. Wala si lazima uwe na dawa. Kule kusini alikuwepo Mwingereza mmoja, Ionides, aliyeitwa Bwana Nyoka, bwana wanyamapori wa zamani. Alikamata maelfu ya nyoka, koboko wakiwemo, kwa koleo, fimbo na ujuzi. Na aling'atwa mara kadhaa, maana ujuzi nao una siku zake.

Sehemu ya pili ni dawa. Bayeye walikuwa wanachanjwa, wanapakwa kwenye chale unga wenye vitu vya nyoka ndani yake, na wanaamini sumu haitawashika. Hapa ndipo pagumu. Wazo la kuuzoesha mwili sumu kidogo kidogo si la kipuuzi. Mfaransa Albert Calmette alitengeneza dawa ya kwanza ya sumu ya nyoka miaka ya 1890, enzi zilezile boma letu linajengwa, kwa kuwachoma wanyama sumu kidogo kidogo na kuchukua maji ya damu yao. Lakini sumu ya nyoka ni protini, na moto mkali huharibu protini. Unga uliochomwa una nini? Kingine, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine anang'ata bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo hata ukimpa uji atapona, na sifa ataipata uji.

Nilipokuwa likizo nilimwendea babu mmoja kijijini kwetu, Mnyamwezi, ambaye mjomba wake alikuwa kwenye chama. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikauliza moja kwa moja.

"Babu, ile dawa ilikuwa inafanya kazi kweli?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, ile dawa ilikuwa ya moyo. Nyoka ukimjua humwogopi. Sasa utamjuaje na wewe unamkimbia? Kwanza wanakuondoa woga, halafu ndiyo wanakufundisha."

"Na miti yake?"

"Hiyo haisemwi."

"Lakini babu si hukuingia chamani wewe?"

"Ndiyo maana najua nusu. Nusu nyingine mjomba kaondoka nayo."

Nimeifikiria ile "nusu" sana, kuliko nilivyofikiria mitihani. Kwenye ngoma siri ni haki yao kabisa, mchezo ukijulikana haunogi tena. Lakini Buyeye kilikuwa na vitu vitatu ndani ya kapu moja: mchezo, elimu ya nyoka, na tiba. Siri ikafungia vyote. Mchezo umebaki, tunaona kwenye simu. Elimu ya nyoka imebaki vipande, na kipande kikubwa kilichoandikwa kipo kwa Kiingereza. Tiba ndiyo imebaki vibaya kuliko vyote, yaani imani ipo na ushahidi haupo.

Na hili si la maktaba tu. Mwaka juzi kijana wa jirani yetu aling'atwa na kifutu akichunga. Alifungwa kamba, akachanjwa chale, akapakwa dawa, na hospitali akafikishwa siku ya pili. Yupo hai, Mungu mkubwa, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Anachechemea, na hana miaka ishirini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza janga hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Yaliyosahaulika na nani? Wachungaji wa kwetu hawajayasahau.

Kwa hiyo ubishi naumaliza hivi. Aliyesema uchawi amekosa. Aliyesema kiini macho amepata nusu. Aliyesema meno yameng'olewa, kwa chatu haikuwa na haja. Bayeye walikuwa wasomi wa nyoka waliojificha ndani ya mazingaombwe, na mazingaombwe yakaja kuufunika usomi wao. Heshima ninayoona inawafaa ni kuwachukulia kama wasomi wengine, yaani kazi yao iandikwe, kisha ipimwe. Mahali pa kupimia papo: Muhimbili wamekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, ambacho baadaye kikawa taasisi, na tangu 2002 tuna sheria ya tiba asili. Mti ukifaulu, sifa ziende kwa wenye chama. Ukifeli, tujue mapema tusiutegemee.

Na wakati tunasubiri hayo, ukiwa kijijini mtu akang'atwa: usichane, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Vua pete na viatu kabla hajavimba, kituliza kiungo kama kilichovunjika, asitembee kama mnaweza kumbeba, na mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Ngoma mtacheza akirudi.

Likizo ijayo narudi kwa babu na daftari. Siulizi miti, hilo kaniambia halisemwi. Nitamwomba anitajie nyoka wa pande zetu mmoja mmoja, majina yao kwa Kinyamwezi na Kigogo, wanalala wapi na wanatoka saa ngapi. Hiyo sidhani kama iko kwenye kiapo.

Haya jamani, kengele ya chakula imegonga. Nawahi kabla maharage hayajageuzwa maji, maana mpishi wetu naye ana mazingaombwe yake.